Nyapara Hajazikwa

Haya aliniambia Dorkasi mwenyewe, mke wa Zebedayo, mwaka ule tulipolazwa wodi moja pale hospitali ya Bombo, Tanga, kwa ajili ya macho. Sote wawili tulikuwa tumefungwa bandeji, hatuoni mbele wala nyuma, basi yeye akawa anasema na mimi nasikiliza, na wauguzi wakipita wanatuambia, mabibi, hebu pumzikeni. Hakupumzika mpaka alipomaliza. Nami nayaandika kama alivyoyasema.

Mumewe Zebedayo alikuwa Mshambaa wa Mlalo, Mlutheri, na mchana alikuwa karani bandarini. Lakini kazi aliyoipenda ni nyingine: alikuwa mtunga sinema. Watu wakisikia hivyo leo hawaamini, kwamba miaka ya hamsini palikuwa na mtu wa Ngamiani anatunga sinema. Alikuwapo. Rehmatulla, mwenye duka la vitambaa, alikuwa na mashine ya kupigia picha na ya kuzionyeshea, na lori. Zebedayo anatunga, Rehmatulla anapiga picha, watu wa mtaani wanaigiza, kisha siku za mshahara lori linazunguka mashamba ya mkonge na shuka kubwa jeupe, watu wanatazama.

Picha zile hazikuwa na sauti. Sauti ilikuwa ya Zebedayo. Alisimama kando ya shuka na kipaza sauti mdomoni akasema maneno ya kila mtu, ya kizee, ya kijana, ya mwanamke anayelia, na ya nyapara. Ya nyapara ndiyo iliyompendeza zaidi. Aliitoa kifuani, nzito, kama gunia linaburutwa juu ya sakafu.

Maana sinema zake zote zilikuwa za nyapara, msimamizi wa wakata mkonge, mtu mmoja yule yule, katili. Katika ya kwanza alimpiga bibi kizee kwa kiboko kwa sababu ya kuni alizookota shambani. Katika ya pili alimsukuma kijana kwenye korona, ile mashine ya kukamulia mkonge, mkono ukaliwa hadi kwenye kiwiko. Damu ilikuwa ya mbuzi, na mkono ulikuwa wa mti uliovishwa shati, lakini wanawake walizimia. Katika ya tatu alichoma nyumba moto na bibi harusi ndani.

Watu wa Tanga hawakuzitazama sinema zile wamekaa mikono magotini. Walizipiga. Ya kwanza ilipoonyeshwa Ngamiani, mwanamume mmoja alichomoka na kisu akalichana shuka pale pale tumboni mwa nyapara, na nyapara akaendelea kumcharaza bibi huku ana tundu tumboni. Watu walipoona hivyo, kwamba amechomwa na hafi, ndipo walipomchukia kweli. Mawe yalikuja kama mvua. Dereva wa lori alipasuka kichwa.

Kesho yake Dorkasi akachukua sindano alishone lile tundu. Zebedayo akamzuia mkono.

"Acha hivyo hivyo," akamwambia. "Hapo ndipo niliposifiwa."

Sasa, aliyekuwa akimwigiza huyo nyapara alikuwa Asheri, mdogo wake Dorkasi, tumbo moja. Walikuwa Wazigua wa Kideleko. Asheri alikuwa fundi baiskeli Nguvumali, mrefu, uso mrefu, nyusi zimekutana, na Zebedayo alimchagua kwa zile nyusi. Moyoni alikuwa mtu ambaye kuku akichinjwa yeye huenda kusimama uani kwa jirani. Lakini moyo hauonekani kwenye shuka. Nyusi zinaonekana.

Baada ya sinema ya kwanza watoto walimkimbia. Baada ya ya pili, muuza samaki mmoja sokoni Ngamiani alimtazama, akamtazama tena, akaokota papa mkavu akampiga nao usoni. Papa mkavu ana ngozi kama msasa. Shavu lote likachunika, na wanawake wengine wakamwambia yule mwenzao, mpe na upande wa pili, mpe. Baada ya ya tatu, vijana walimwangusha na baiskeli yake barabara ya Nguvumali wakampiga kwa mnyororo wa ile ile baiskeli.

"Hii ya bibi harusi! Na hii ya yule kijana wa korona!"

"Mkono anao!" Asheri alilia chini. "Jamani, mkono anao! Anauza kahawa pale kona! Ana mikono yote miwili!"

"Umemrudishia wewe?"

Wakampiga mpaka jino la mbele likatoka. Zebedayo alipomwona akija nyumbani na kanzu imelowa damu alikimbia kumshika, akamketisha, akamsifu kwamba ni mwanaume kweli. Lakini Dorkasi alimwona mumewe uso. Palikuwa na furaha ndani ya ile huruma, anasema, kama mtu anayelia msibani huku amesikia harufu ya pilau.

Pengine Asheri angeendelea kuvumilia. Ila alimpenda Praxeda.

Praxeda alikuwa binti ya Ernesti, Mnyamwezi Mkatoliki, aliyetoka Tabora kuja kukata mkonge na hakurudi tena kwao. Waliishi kambini, kwenye shamba moja njia ya Pangani. Binti alikuja mjini na baiskeli ya baba yake, mnyororo ukamkatikia Nguvumali, Asheri akamtengenezea, na binti hakukimbia alipoziona nyusi. Alimwuliza tu, "Ni wewe?" Akajibu, "Ni mimi, ila siyo mimi." Praxeda akacheka. Yalianzia hapo.

Dorkasi alikwenda mwenyewe kupeleka posa, maana wazazi wao walikwisha kufa. Ernesti alimpokea vizuri, akampa kigoda na maji.

"Mama," akasema, "mimi nimemwona kwa macho yangu akimpiga kizee."

"Shikamoo tena, baba. Ule ni mchezo."

"Marahaba. Najua ni mchezo, sina wazimu. Lakini nala sahani moja na watu wa kambi hii. Wengine migongo yao ina makovu ya manyapara wa kweli. Mkwe wangu akija hapa nani atampa kiti? Na mwanangu akitembea naye, siku moja mtu atamtupia jiwe Asheri, halafu limpate Praxeda. Simkatai kijana. Namkataa nyapara. Huyo nyapara akiisha, kijana aje."

Jioni ile Asheri akaja kwa dada yake, akaketi mkekani mbele ya Zebedayo.

"Shemeji, niue."

"Nini?"

"Niue kwenye sinema. Nife, nizikwe, watu waone nimekwisha. Waniache."

"Nikikuua nitaandika nini?"

"Andika mambo ya samaki."

"Samaki hachukiwi, Asheri. Nani atatoka Muheza kuja kumtupia samaki mawe?"

Dorkasi alikuwa anachambua mchele. Akaweka ungo chini.

"Zebedayo, huyu ni ndugu yangu. Wewe unasifiwa kwa ngozi yake. Wamemchuna shavu, wamemng'oa jino. Unangoja nini, wakuletee kichwa ndipo useme sinema imependeza?"

Zebedayo akaanza kuandika.

Na alipoanza, alinogewa. Dorkasi anasema mumewe alikuwa hivyo, ukimsukuma kwenye kazi asiyoitaka, akifika katikati anadhani wazo ni lake. Sasa hakutaka tu nyapara afe. Alitaka watu wamlilie. Watu wale wale waliolichana shuka kwa kisu, alitaka walie kwa ajili ya nyapara. Akatunga kwamba nyapara anaugua homa, wote wamemkimbia, na bibi kizee yule aliyepigwa kiboko ndiye anayempa maji, na nyapara anafia mkononi mwake. Kisha anazikwa. Mchungaji anasoma, watu wachache wanaimba polepole, udongo unatupwa, wanaondoka.

Akamsomea mkewe. Dorkasi akasikiliza mpaka mwisho, akauliza:

"Na watani?"

"Watani wafanye nini?"

"Asheri ni Mzigua, kila mtu anajua. Kule mashambani Wanyamwezi wamejaa."

Hapa niwaeleze wasiojua. Mzigua na Mnyamwezi ni watani toka enzi za misafara. Mmoja akifa, mwenziwe haji msibani kulia, anakuja kutukana. Anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea na alivyokuwa akila. Anaingia kaburini, analala humo, anasema hatoki na mtu hazikwi mpaka apewe haki yake, iwe kuku, iwe kitu chochote cha marehemu. Na wafiwa hawakasiriki. Mtu akizikwa bila hayo, wenye utani wao husema hajazikwa, amefichwa. Wanyamwezi wa mashambani walikuwa wakimpigia kelele Asheri kwenye shuka tangu sinema ya kwanza: "Mtani, siku yako ipo! Tutakuja kukulalia!"

Zebedayo aliyajua hayo. Lakini alikuwa amelelewa na mchungaji ambaye hakutaka watani wakanyage makaburini.

"Nataka watu walie," akasema. "Mtu hawezi kulia huku anacheka."

"Kwetu anaweza."

"Kwenye sinema yangu hawezi."

Mazishi yakapigwa picha nyuma ya Nguvumali. Asheri akafungwa sanda, akateremshwa shimoni, na siafu wakampanda mguuni, wakamng'ata, na hakutikisika, maana alijua anakufa kwa ajili ya Praxeda. Rehmatulla alipomaliza kuzungusha mashine yake alijifuta macho.

"Bwana Zebedayo," akasema, "hii ndiyo kubwa kuliko zote."

Wakaamua ionyeshwe kwanza kambini kwa kina Ernesti, Jumamosi ya mshahara. Rehmatulla alikuwa na arusi ya bintiye, hakwenda, akamkabidhi Zebedayo makopo ya mikanda yote minne, waione hadithi nzima tangu kiboko hadi kaburi. Nakala nyingine hazikuwapo. Mpango ulikuwa hivi: Asheri atajificha nyuma ya lori na shati lake jipya jeupe. Sinema ikiisha, Zebedayo atasema kwenye kipaza sauti, nyapara amekufa, na huyu ni Asheri, fundi baiskeli, na Asheri atatokea asalimie watu. Ernesti alikubali. Alikaa mbele kabisa na Praxeda, na Dorkasi akakaa nao.

Kiza kilipoanza kushika, mashine ikawashwa. Watu walikuwa wamekunywa, ni siku ya mshahara. Kiboko kilipoanza kumwangukia bibi kizee, uwanja wote ulilia kama ng'ombe. Mawe yakaanza. Kwenye korona, mtu mmoja aliyeitwa Eliudi, ambaye mgongo wake ulikuwa na makovu ya kweli, alisimama akavua shati akalionyesha shuka mgongo wake.

"Ona! Ona kazi yako!"

"Kaa chini, Eliudi, unaziba!"

"Sikai! Nataka anione!"

Nyumba ya bibi harusi iliposhika moto, wanaume walikwenda kulipiga shuka kwa fimbo, wakalitoboa, mpaka bibi harusi akawa anaungua vipande vipande.

Kisha ya nne. Na hapo, anasema Dorkasi, Zebedayo alipata alichokitaka. Nyapara alipolala peke yake anatweta, watu walinyamaza. Bibi alipoinama na kata ya maji, mwanamke mmoja akaguna. Nyapara alipofungua mdomo kunywa, na pengo la lile jino la kweli likaonekana, kulisikika watu wanavuta kamasi kule kizani. Sauti ya Zebedayo ikatetemeka kwenye kipaza sauti, na haikuwa kuigiza.

Yakaja mazishi. Mchungaji, wimbo, udongo. Watu wakaondoka kaburini. Shuka likawa jeupe.

Halafu mtu akauliza, taratibu tu, kama anayeuliza njia:

"Na watani?"

"Eeh. Watani wako wapi?"

"Wamemfukia kama paka!"

"Kila siku twasema siku yake ipo, leo imefika, wamemzika bila sisi!"

"Hajazikwa huyo! Wamemficha!"

Zebedayo hakuyasikia maneno, alisikia kelele tu, akadhani wanashangilia. Akashika kipaza sauti, akaita kwa furaha, "Na huyu hapa! Yu hai!" Asheri akatoka nyuma ya lori na shati lake jeupe, anatabasamu na pengo lake.

Mwanzoni ulikuwa mchezo. Dorkasi alilirudia hilo sana pale kitandani: mwanzoni ulikuwa mchezo. Walimrukia kwa vicheko. "Maiti imetoroka! Ikamateni!" Wakamnyanyua juu, wakamlaza kwenye toroli la kubebea mkonge, wakalisukuma kwenye reli kuelekea shimo la taka za korona. Wanawake wanapiga vigelegele. Mmoja anatembea mbele kwa mwendo wa nyapara, kifua mbele, anapiga kiboko cha hewa. Hata Asheri mwenyewe alicheka, alijua utani, akajilegeza kama maiti.

Kisha toroli likaruka kwenye maungio ya reli, Asheri akaanguka, na mguu wa mtu ukamkanyaga shingo. Labda kwa bahati mbaya. Asheri akainuka akamsukuma yule mtu, na ile sura yake ikakunjana, nyusi zikakutana. Watu wakamwona nyapara.

Eliudi alimpiga wa kwanza, kwa ngumi, sikioni. Damu ikatoka sikioni moja kwa moja. Mwingine akamchapa kwa jani la mkonge, na lile jani lina mwiba nchani, likamrarua kutoka begani hadi kiunoni. Wakamwangukia wote. Dorkasi alisikia mbavu zikivunjika, anasema ni mlio kama kuni mbichi. Praxeda alijitupa katikati, akatupwa nje kwa nywele. Akajitupa tena.

Zebedayo akapanda juu ya lori na kipaza sauti, akapiga ukelele kwa nguvu zote, "Mwacheni! Nasema mwacheni!"

Ole wake. Sauti ile waliijua. Ndiyo iliyokuwa ikimwambia bibi, lete kuni zangu. Ndiyo iliyosema, mchomeni na arusi yake. Kizani, kutoka juu, nzito, inatoa amri.

"Huyo! Hiyo ndiyo sauti yake!"

"Kumbe wako wawili!"

Wakamvuta miguu, akaanguka uso chini, wakaupigiza mkono wake na kipaza sauti kwenye bodi la lori mpaka vyote viwili vikavunjika. Kila alipolia waliisikia sauti ya nyapara inalia, wakazidisha. Dorkasi akamziba mdomo mumewe kwa kiganja chake, akamlalia. "Usiseme kitu, Zebedayo! Kwa Mungu, usiseme kitu!" Aliponyamaza, wakamwacha, wakarudi kwa Asheri.

Lile shimo lilikuwa na taka mbichi za mkonge, zile za kijani zinazonuka, na maji yake yanawasha hata ngozi nzima, seuze kidonda. Wakamtupa humo. Alilia mlio mmoja tu. Eliudi akachukua beleshi, akaanza kufukia. La kwanza likaenda kifuani. La pili likaenda usoni, mdomoni, na Asheri akawa anakohoa taka.

Ndipo Ernesti akaruka shimoni.

Alikuwa mtu mzima, mwenye magoti mabovu. Akaruka hivyo hivyo, akamlalia Asheri kifudifudi, akamfunika mwili wote. Beleshi la Eliudi lilikuwa limekwisha kuinuliwa, likamshukia Ernesti mgongoni kwa ubapa, na watu walisikia pumzi ikimtoka.

"Toka, mzee Ernesti!"

"Nitoke?" Ernesti akageuza shingo. "Nani kakupa ruhusa ya kumzika mtani wangu kabla sijapewa haki yangu? Kwenu mnazika hivyo? Mmechimba shimo, mmeleta beleshi, kuku yuko wapi?"

"Toka, nitakufukia pamoja naye!"

"Nifukie! Nifukie na Mzigua huyu, ninuke naye! Mzigua gani wewe," na hapo akamgeukia Asheri, akamzibua taka mdomoni kwa vidole huku anamtukana, "Mzigua gani wewe, umekufa mara mbili leo, na mara zote mbili hukufa vizuri! Umekufa kama kuku wa kideri, shingo upande! Sanda umevaa kubwa kuliko ya babako! Pumua, mjinga we! Hata maiti wa kwenu ni wavivu!"

Mtu mmoja akacheka. Ernesti akamsikia.

"Cheka! Na wewe ni mtani, mbona umesimama na fimbo kama askari? Njoo umtukane! Fimbo ni ya nyapara hiyo! Mna vinywa, hamna matusi? Mmetoka Tabora kwa miguu, akili mmeziacha Kilosa?"

Wengine wakacheka. Eliudi hakucheka. Machozi yalikuwa yakimtiririka, beleshi bado juu. Lakini mtani yuko kaburini, na mtani akiwa kaburini udongo hautupwi. Hakuna Mnyamwezi pale ambaye angethubutu. Akauliza kwa sauti ya kukauka:

"Unataka nini, mzee?"

"Nataka cha marehemu."

"Marehemu ana nini? Hana kitu."

"Nyapara? Anayo makopo yake. Humo ndimo anamokaa. Leteni, nitoke."

Watu wote wakageuka kumtazama Zebedayo. Makopo manne yalikuwa kwenye lori. Zebedayo aliyaendea, akayabeba kwenye mkono mzima, ule uliovunjika ukiyashikilia kwa juu, na akasimama nayo hapo hapo. Hakwenda. Miaka yake yote ilikuwa mle. Shimoni Asheri alikuwa akikohoa, na Ernesti kwa uzito wake wote juu ya mbavu zilizovunjika, na Eliudi hajaliteremsha beleshi.

"Zebedayo," akaita Dorkasi.

Akaenda. Aliinama mwenyewe akayateremsha, moja baada ya jingine, kama mtu anayempokeza mwenziwe mtoto mchanga. Ernesti akayafungua, akavuta mikanda ikatoka kama utumbo, akaikusanya chini. Kisha akamsukuma Asheri juu, na Praxeda na Dorkasi wakampokea kwa mabega. Ernesti akatoka wa mwisho.

"Sasa zika," akamwambia Eliudi.

Eliudi akazika. Alifukia kwa pupa, analia, na wengine wakashika majembe na mikono. Na watani wakafanya yao. Ernesti, mgongo umevimba na shati limeganda damu, alitembea mwendo wa nyapara kulizunguka shimo, akakalia kaburi, akaagiza wali, akafoka wali umechelewa, watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Na wengine katikati ya kicheko kile wakalia, wakaketi chini wakalia kabisa. Zebedayo alisimama kando anawatazama. Dorkasi anasema hakuna sinema yake iliyowahi kutazamwa namna ile.

Walipompakia Asheri kwenye lori, Ernesti alikuja akachungulia.

"Huyu nani?" akauliza.

"Asheri," akajibu Dorkasi.

"Asheri wa wapi? Mimi simjui. Nyapara nilimjua, nimemzika. Huyu akipona, aje na watu wake ajitambulishe, tumtazame." Praxeda alikuwa amekwisha panda, amekiweka kichwa cha Asheri mapajani. Baba yake akamwona. Akaligonga bodi la lori waende. Na Asheri alipona, akaenda, sikio moja halisikii tena, na Eliudi ndiye aliyempa kiti.

Asubuhi ya usiku ule waliingia Ngamiani. Rehmatulla alikuwa anafungua duka. Akamwona Zebedayo, mkono umefungwa kwa kanga, uso hautambulikani.

"Asheri yu hai?"

"Yu hai."

"Na mikanda?"

Zebedayo akatikisa kichwa. Rehmatulla akaishika kufuli mkononi muda mrefu. "Basi," akasema. Akafunga duka tena, akaenda nyumbani.

Daktari msaidizi alikuja nyumbani kwa Zebedayo akamshona Asheri, akamfunga mbavu, akaunyoosha mkono wa Zebedayo. Jua lilikuwa limekwisha panda. Asheri alilala kwanza, kwa dawa. Praxeda akalala ameketi, mgongo ukutani, mkono wake kwenye shuka la Asheri.

Zebedayo hakutaka kulala. Alikuwa akinong'ona maneno ya sinema zake, ya bibi, ya kijana, ya bibi harusi, akitaka kuhakikisha bado anayo. Alipofika kwa nyapara, sauti haikutoka. Akajaribu tena. Akaacha.

"Dorkasi. Pale alipokufa, kwenye maji. Ulilia?"

"Nililia kidogo."

"Na wengine?"

"Wengine pia. Nyuma yangu kulikuwa na mwanamke alilia sana."

"Mwanamke gani?"

"Simjui. Lala, baba."

"Alilia sana?"

"Sana."

Akafumba macho. Dorkasi akamtazama mpaka pumzi yake ikawa ndefu. Kisha akaenda uani akamwaga beseni la maji mekundu, akalisuuza, akaliinamisha ukutani. Akarudi akajinyoosha mkekani, miguu mlangoni ili mtu yeyote akiingia amwamshe kwanza yeye, akajifunika kanga usoni kwa ajili ya nzi, na usingizi ukamchukua.